Mume Akipata Kazi Chuoni, Mke Aende Wapi?

Ukipita stejini mjini Nyeri saa kumi na moja alfajiri, kabla baridi ya mlima haijaanza kulegea, utatukuta tumejikunyata ndani ya makoti. Wengine wanaelekea Karatina, wengine Kerugoya, wengine watafika hadi Embu. Si wafanyabiashara wote hao, mpenzi msomaji. Baadhi yetu ni wahadhiri wenye shahada za uzamifu, na mifuko tuliyoibeba imejaa insha za wanafunzi zisizosahihishwa. Nilipoanza safari hizi nilidhani ni mimi peke yangu. Baada ya wiki chache nilitambua kwamba karibu kila mhadhiri niliyekaa naye katika matatu ile alikuwa na kisa kile kile: mwenzi wake wa ndoa amepata kazi huku, yeye amepata kule, na nyumba wameiweka katikati.

Suala hili halizungumzwi waziwazi. Likizungumzwa, huzungumzwa kwa kejeli, kwamba fulani kaingizwa chuoni na mumewe. Nami naona wakati umewadia wa kulijadili pasi na kejeli, kwa sababu limewahi kuniumiza kutoka pande zake zote mbili.

Miaka ishirini iliyopita, ukanda huu wa Mlima Kenya haukuwa na chuo kikuu cha umma kilichojitegemea. Kisha mambo yakaenda mbio. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi hapa Nyeri kilipewa hati yake Desemba 2012, Chuka kikafuata Januari 2013, Karatina na Meru Machi mwaka huo huo, halafu Embu, Kirinyaga na Murang'a vikapata zao Oktoba 2016. Vyuo saba kwa muda usiotimia miaka minne! Walimu walihitajika, nasi tuliokuwa tukimalizia tasnifu zetu tukaona milango imefunguka.

Mimi niliomba kazi katika mojawapo ya vyuo vya nchi hii, ambacho sitakitaja. Nilifika kwenye usaili nikiwa nimejiandaa vilivyo. Nilisailiwa kwa muda wa saa nzima kuhusu mofolojia ya lugha za Kibantu, na mmoja wa wanajopo alinifuata ukumbini kunipongeza. Nikarudi nyumbani nikihesabu siku. Barua haikuja. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba nafasi ile alipewa mama mmoja ambaye wakati huo alikuwa na shahada ya uzamili tu, na ambaye mumewe alikuwa akibembelezwa na chuo hicho aje kuiongoza idara nyingine. Kwa kifupi, mume alikuwa amesema haji bila mkewe.

Sitaficha kwamba nilimchukia mama yule kabla sijamwona. Nilipokutana naye miaka kadhaa baadaye kwenye kongamano la Kiswahili, chuki ile ilikosa mahali pa kushika. Alinieleza, bila kuulizwa, kwamba alikuwa ameacha kazi ya kudumu magharibi mwa nchi ili kumfuata mumewe. Katika idara mpya hakuna aliyemwita kwa jina lake. Alikuwa "mke wa Daktari". Alipoandika makala, watu waliuliza kama mumewe ndiye aliyeyaandika, ingawa mumewe ni mtaalamu wa udongo asiyejua tofauti ya kiambishi na kitenzi! Hata alipohitimu uzamifu wake mwenyewe, jina lile halikumtoka. Mimi nilinyimwa kazi. Yeye alipewa kazi akanyimwa heshima yake.

Niruhusu nichepuke kidogo niingie katika taaluma yangu. Katika Kiswahili mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kitenzi cha mwanamke hubeba alama ya kutendwa. Wako wanaodai kwamba sarufi hii ndiyo iliyotufunza kumwona mke kama mzigo unaobebwa. Sikubaliani nao moja kwa moja, maana hapa Nyeri tunasema Kikuyu, na katika Kikuyu mwanamke hutumia kitenzi kũhika, kisicho na alama yoyote ya kutendwa. Kitenzi cha mwanamume, kũhikania, ndicho kilichonyambuliwa kutokana na hicho. Lau sarufi ingekuwa ndiyo inayoamua mambo, basi wanaume wa huku ndio wangekuwa wakiwafuata wake zao kazini. Hawafanyi hivyo. Lakini sikiliza lugha ya ofisini uone: mume "aliajiriwa", mke "aliingizwa". Vyote viwili ni vitenzi vya kutendwa, ila cha kwanza kina heshima na cha pili kina harufu ya mlango wa nyuma.

Turudi kwenye hoja. Mnamo 2019 upepo uligeuka. Mume wangu, ambaye ni mwanakemia, aliitwa na chuo kimoja kisicho mbali na hapa. Katika mazungumzo aliambiwa kwa upole, huku akimiminiwa chai, kwamba kuhusu mke asiwe na wasiwasi, atatafutiwa pahali. Alirudi nyumbani akiwa na furaha. Mimi nilikaa kimya, kisha nikamuuliza kama nafasi hiyo itatangazwa. Akasema haitatangazwa. Nikamwambia basi siitaki.

Tulibishana usiku kucha. "Mama watoto," aliniambia, "haki hailipi karo." Mama mkwe alipopata habari alikuja kutoka Othaya, akaketi, akakataa hata chai, akaniuliza ni kitabu gani kilichonifunza kuishi mbali na mume wangu. Sikuwa na jibu la kitabu. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya barua ile ambayo haikuja, na fikira kwamba yuko binti mahali fulani, pengine Mukurwe-ini, pengine Kisii, ambaye naye anahesabu siku.

Kwa hiyo mume wangu alihama, mimi nikabaki nilikokuwa. Ilipita miaka mitatu kabla ya kutangazwa nafasi katika chuo kingine cha ukanda huu, nikasailiwa pamoja na wengine, nikaipata. Katika miaka hiyo mtoto wetu wa mwisho alimjua babake kama mgeni wa Jumamosi. Iwapo nilifanya vyema, sina hakika hadi leo. Walio na hakika katika jambo hili aghalabu ni wale ambao halijawafikia.

Mtu asidhani kwamba hili ni tatizo la Waafrika au la vyuo vichanga. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Stanford kilichapisha matokeo ya uchunguzi uliowahusu wahadhiri wapatao 9,000 katika vyuo vikuu 13 vya Marekani. Ilibainika kwamba asilimia 36 kati yao walikuwa na wenzi wa ndoa ambao pia ni wanataaluma, na kwa wanawake kiwango kilikuwa cha juu zaidi, asilimia 40. Huko vyuo vingi huwa na utaratibu unaojulikana wa kumtafutia kazi mwenzi wa yule anayeajiriwa. Hata hivyo manung'uniko hayaishi.

Lakini kabla ya utaratibu huo Wamarekani walikuwa na kinyume chake, nacho kilikuwa kibaya zaidi. Vyuo vingi vilikataza mume na mke kuajiriwa pamoja, kwa kisingizio cha kuzuia upendeleo wa kiukoo. Maria Goeppert Mayer alifika Marekani mwaka 1930 pamoja na mumewe, aliyekuwa profesa wa kemia. Kwa miaka mingi alifanya utafiti na kufundisha bila cheo cha maana wala mshahara wa uprofesa, kwa kuwa mumewe alikuwa tayari ameajiriwa. Kazi yake kuhusu muundo wa kiini cha atomu aliifanya akiwa Chicago katika hali hiyo. Uprofesa kamili wenye mshahara aliupata mwaka 1960 huko California, na mwaka 1963 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Kanuni iliyotungwa ili kulinda haki ilimweka pembeni mwanasayansi wa kiwango hicho kwa miaka thelathini. Nawaomba wenzangu wanaotaka tuige marufuku kama hiyo wamfikirie mama huyo. Isitoshe, Katiba yetu ya 2010, katika Kifungu cha 27, inakataza mtu kubaguliwa kwa misingi ya hali yake ya ndoa.

Katiba hiyo hiyo, hata hivyo, haiwapi nafuu wanaopenda milango ya nyuma. Kifungu cha 73 kinataka maamuzi ya maafisa wa umma yasiongozwe na undugu wala mapendeleo, na Kifungu cha 232 kinataka watu waajiriwe kwa ushindani wa haki na ustahiki. Yaani kuwa mke wa mtu kusikukoseshe kazi, na kusikupe.

Wenzetu walimu wa shule wanayajua haya kuliko sisi. Tume ya Kuwaajiri Walimu ilipoanza mwaka 2018 kuwahamisha walimu mbali na kwao, malalamiko makubwa yalihusu familia zilizotenganishwa, na mwaka 2023 Tume ilianza kuwarejesha wengi wao. Lakini mwalimu ana jambo moja ambalo mhadhiri hana: mwajiri wake ni mmoja nchi nzima. Mwalimu wa Nyeri ambaye mumewe yuko Chuka aweza kuomba uhamisho bila kumpokonya mtu nafasi, kwa kuwa anahama na ajira yake. Sisi kila chuo ni dola. Ukitoka Karatina kwenda Embu, unaacha kazi na kuomba upya kama mhitimu wa jana, na miaka yako ya utumishi inabaki nyuma.

Hapo ndipo ninapoona penye kazi ya kufanywa. Vyuo vya umma vinavyouzunguka mlima huu vimekaribiana kiasi kwamba mtu aweza kuishi katika mji mmoja na kufundisha katika mwingine. Ni nini kinachovizuia kutangaza nafasi zao pamoja, au kukubaliana kwamba mhadhiri aweza kuhamishwa kutoka kimoja hadi kingine bila kupoteza cheo? Mume akiitwa Nyeri, mkewe angejua siku hiyo hiyo ni nafasi zipi zilizo wazi Kerugoya na Meru, naye angeshindana nazo kama watu wengine. Mumewe asikanyage katika chumba cha usaili, na uhusiano wao uandikwe katika kumbukumbu za jopo, usinong'onwe ukumbini.

Kuna wanaosema kwamba fedha hazipo, na kwamba kila chuo kinategemea wahadhiri wa muda wanaolipwa kwa kuchelewa. Ni kweli, na ndiyo sababu mapendeleo yanauma zaidi sasa kuliko zamani. Kipande kimoja cha mkate kikigombewa na watu arubaini, mwamba ngoma huvutia kwake.

Liko pia suala la ukabila, ambalo watu hulikwepa. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inasema kwamba taasisi ya umma isiwe na zaidi ya thuluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Vyuo vyetu vya mlimani hulaumiwa kwa kujaa wenyeji. Lakini mtaalamu kutoka Busia au Kwale atakujaje Nyeri ikiwa mkewe, mwenye shahada kama yake, atakaa nyumbani akitazama ukungu? Mwenyeji ana shangazi, ana shamba, ana mahali pa kumwacha mtoto. Mgeni ana mwenzi wake tu. Nimewaona wawili wakija na kuondoka katika muda wa miaka miwili kwa sababu hiyo hasa, mmoja wao mwanafonolojia hodari ambaye idara yetu haijampata wa kuijaza nafasi yake.

Juma lijalo nimealikwa kuketi katika jopo la kuteua watakaosailiwa. Maombi ni mengi, nafasi ni moja. Kati ya majina hayo limo la mke wa mwenzangu tunayepanda naye matatu moja alfajiri. Amekuwa akinisalimia kwa uchangamfu mwingi kuliko kawaida, na jana alinilipia nauli kabla sijafungua mkoba. Nilimrudishia. Alicheka, lakini hakuzipokea pesa zile, akaziweka juu ya kiti katikati yetu, nazo zikakaa hapo mpaka Karatina.