Saa Tano Shambani, Saa Moja Darasani

Katika kanuni za masomo ya shahada nchini Kenya mna kifungu ambacho wachache nje ya ofisi za wasajili wa vyuo wamewahi kukisoma. Kinaeleza jinsi saa za mafunzo zinavyohesabiwa. Saa moja ya mhadhara ni sawa na saa mbili za mjadala wa vikundi, au saa tatu za maabara, au saa tano za kazi ya shamba na mazoezi ya aina hiyo. Yuniti ya kawaida hubeba saa 45 za mhadhara kwa muhula mmoja. Piga hesabu: mwanafunzi wa kilimo cha bustani akitumia saa 225 kupogoa, kukata maua na kukagua wadudu, ametimiza uzito wa yuniti nzima. Supavaiza wa grinihausi ya waridi kando ya Ziwa Naivasha hufikisha saa hizo kwa wiki tano hivi, na hakuna chuo kikuu kitakachomhesabia hata moja. Kanuni zetu, kwa maneno mengine, zinajua vizuri sana kupima kazi ya mikono na kuibadilisha kuwa masomo. Zinachokataa ni kumpimia mtu ambaye hakupitia mlango uliozoeleka.

Mlango wenyewe unajulikana na kila mzazi: gredi ya C+ katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mwaka 2024 watahiniwa 962,512 walifanya mtihani huo na 246,391 wakapata C+ au zaidi. Hao ndio wanaoingia katika mtandao wa KUCCPS, shirika la serikali linalopangia wanafunzi vyuo, wakachagua kozi kulingana na alama za masomo yanayohitajika, kisha wakapangiwa chuo. Waliobaki, zaidi ya 700,000, huelekezwa kwenye vyuo vya ufundi au hubaki nyumbani. Watu wengi huichukulia C+ kana kwamba ni kipimo cha akili kilichokuwapo tangu zamani. Historia yake haina utukufu huo. Kabla ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuunda KUCCPS, iliyopanga nafasi katika vyuo vya umma ni Bodi ya Pamoja ya Udahili, na kigezo kikuu kilikuwa idadi ya vitanda katika mabweni. Kijana aliyepata C+, hata B, aliambiwa hafai kulipiwa na serikali kwa sababu vitanda vimejaa, na waliobahatika walisubiri nyumbani mwaka mmoja au zaidi. Kisha kuanzia 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipofungua masomo ya wanaojilipia, wale wale waliokosa kitanda wakaonekana wanafaa, mradi wana ada. Sisemi hili kwa kejeli. Nasema tu kwamba mpaka wa nani anastahili shahada umewahi kusogezwa mara nyingi, na sababu mara nyingi haikuwa ya kitaaluma.

Naivasha ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili kwa sababu elimu ya kazi imejaa mjini na mashambani, lakini chuo kikuu kikubwa cha umma kilicho karibu kiko Njoro, mwendo wa matatu hadi Nakuru kisha matatu nyingine. Chuo hicho, Egerton, kilianzishwa mwaka 1939 na Lord Maurice Egerton kama shule ya kilimo, kikawa chuo cha stashahada, na mwaka 1987 kikapata hadhi ya chuo kikuu. Yaani chuo chenyewe kilipanda ngazi moja moja kutoka cheti hadi shahada. Naivasha kwenyewe kuna Chuo cha Mafunzo ya Maziwa, ambako watu hujifunza kupokea maziwa, kuyapima, kuyachemsha kwa kiwango na kutengeneza mtindi na jibini. Kuna taasisi ya utafiti na mafunzo ya wanyamapori, ambayo imewafunza askari na maafisa wa hifadhi. Kuna Olkaria, ambako mtambo wa kwanza wa umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kazi mwaka 1981, na ambako mafundi wamejifunza visima na mabomba kwa miongo zaidi ya minne. Kuna mashamba ya maua yenye maabara za udongo, mifumo ya kumwagilia kwa matone na wakaguzi wa viwango vya soko la Ulaya. Mwenye stashahada ya maziwa kutoka Naivasha akitaka shahada, pale Njoro ipo idara ya sayansi na teknolojia ya maziwa na vyakula. Ni safari ya asubuhi moja tu kwa gari. Kwa kanuni, ni safari ndefu zaidi.

Sheria haimkatazi. Viwango vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu vya mwaka 2014 vinakubali stashahada ya taasisi inayotambuliwa kuwa njia ya kuingia shahada, na vinaruhusu krediti kuhamishwa, mradi zisifike nusu ya masomo ya msingi ya programu inayofanana. Mwaka huo huo ilipitishwa Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu, iliyokusudiwa kuweka cheti, stashahada na shahada kwenye ngazi moja inayopandika. Kinachokwamisha ni kilichoachwa wazi. Ni juu ya seneti ya kila chuo kuamua ikubali krediti zipi na kwa kozi ipi, na uamuzi huo kwa kawaida hufanywa idarani, faili moja baada ya jingine, baada ya mwombaji kuambatisha transikripti na silabasi na kungoja. Hakuna jedwali ambalo fundi wa Naivasha anaweza kulisoma kabla ya kuacha kazi, linalomwambia kwamba stashahada hii inafuta yuniti hizi katika shahada ile. Anaomba gizani, na mara nyingi hujibiwa aanze mwaka wa kwanza, akafundishwe tena namna ya kupima mafuta ya maziwa.

Halafu kuna fedha, na hapa ndipo ninapoona dhuluma iliyo wazi kuliko zote. Nafasi za KUCCPS hutolewa kwa matokeo ya KCSE, na ufadhili wa serikali ulioanzishwa mwaka 2023 ulifuata nafasi hizo. Aliyepata C+ akiwa na miaka 18 anaingia akiwa na matumaini ya ufadhili na mkopo. Aliyepata C, akasomea stashahada, akafanya kazi na kulipa kodi miaka sita, anaomba moja kwa moja chuoni na hujilipia kama mteja. Kanuni imemfungulia mlango, lakini imeweka nauli mbili tofauti kwa abiria wa gari moja, na ya juu ni ya yule ambaye tayari amechangia hazina ya taifa.

Pingamizi la kwanza linalotolewa na wahadhiri, nalo si la kupuuzwa, ni viwango. Ukiwalegezea wenye stashahada, wanasema, shahada itakuwa karatasi. Lakini tuangalie viwango vinavyolindwa ni vipi. Katika vyuo vingi vya Kenya alama ya kufaulu yuniti ni 40 kwa mia. Anayeanguka hufanya mtihani wa rudio, na akifaulu huandikiwa 40 ileile. Mtu anaweza kukusanya arobaini arobaini kwa miaka minne na kuhitimu kwa daraja la kupita, na chuo kitasimama na joho kumshuhudia. Sipingi jambo hilo. Ndivyo mizani ilivyowekwa. Ila chuo kinachomkubali huyo hakina msingi wa kusema kwamba aliyepata daraja la juu katika somo hilohilo chuo cha maziwa hajalijua. Na kama shaka ni kubwa, dawa iko mkononi mwa chuo: mpe mtihani wa mwisho wa yuniti hiyo, ule wanaoufanya wengine, na alama aliyoipata iandikwe. Mtihani haulizi mtu alijifunzia wapi.

Majirani zetu wameyajaribu haya bila shahada zao kuporomoka. Uganda ina mtihani wa kuingia chuo kikuu kwa watu waliofika miaka 25, na Makerere imewapokea kwa miaka mingi. Tanzania ilikwenda mbali zaidi: baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, kijana aliyemaliza kidato cha sita alitakiwa kwanza afanye kazi, na mwajiri atoe maoni juu yake, ndipo aingie Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utaratibu huo ulikuwa na matatizo yake, uliwapunguza wasichana na baadhi ya fani za sayansi zikakosa watu, ukalegezwa na hatimaye ukaachwa. Lakini hata leo Tume ya Vyuo Vikuu ya Tanzania huwapima wenye ujuzi wa kazini wanaotaka kuingia shahada. Kenya nayo imeanza kutambua ujuzi wa aina hiyo, ingawa mpaka sasa faida yake imewafikia zaidi mafundi wa jua kali wanaotafuta vyeti vya ufundi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi. Stashahada hufundisha namna, shahada hufundisha kwa nini. Fundi wa kisima cha Olkaria anajua vali ipi ifungwe shinikizo likipanda, lakini huenda hajawahi kuandika mlinganyo wa mtiririko wa mvuke. Hili ni kweli, na anayetetea njia ya ngazi bila kulikiri anajidanganya. Hisabati na kemia haziwezi kufutwa kwa barua ya mwajiri, na katika uhandisi au udaktari bodi za taaluma zina neno lao. Jibu langu ni kwamba hoja hii inatuambia yuniti zipi zisifutwe. Haituambii tusifute yoyote. Mwenye stashahada apewe muhula wa hisabati na kemia, hata miwili ikibidi, na aachiliwe yale ya vitendo aliyoyafanya kwa miaka. Kwa sasa mambo huenda kinyume: hurudia ya vitendo, kisha hutupwa katika hisabati ya mwaka wa pili bila daraja la kumvusha.

Kuhusu hofu kwamba njia hii italeta vyeti bandia, nitasema machache. Tatizo lipo, Februari 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ilitangaza kupata zaidi ya 2,000 miongoni mwa watumishi waliokaguliwa. Lakini hao walighushi hata matokeo ya KCSE, na hakuna aliyependekeza KCSE ifutwe kwa sababu hiyo.

Kinachozungumzwa kidogo mno ni kalenda. Vyuo hudai mwanafunzi ahudhurie thuluthi mbili au robo tatu ya vipindi ndipo afanye mtihani. Muhula ulioanza Januari unakutana na wiki ambazo mashamba ya Naivasha hayalali kwa ajili ya maua ya tarehe 14 Februari. Mfanyakazi aliyesajiliwa atapoteza kazi au atapoteza mtihani, na kanuni ya kuahirisha muhula iliandikwa kwa wagonjwa na waliokosa ada. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023, kimepunguza tatizo hili kwa kufundisha mtandaoni, lakini maabara ya maziwa haiingii kwenye simu. Yuniti za maabara zinaweza kukusanywa Agosti, zikafundishwa siku nzima kwa wiki tatu. Vyuo hivyo hivyo vimewahi kuwapangia walimu wa shule masomo ya wakati wa likizo kwa miaka mingi, kwa hiyo ugumu si wa kiufundi.

Nafasi ya kurekebisha imejileta yenyewe. Kabla ya mfumo wa elimu wa 8-4-4 shahada nyingi zilikuwa za miaka mitatu. Kundi la kwanza la mfumo huo lilipoingia mwaka 1990 zikawa za minne. Na mfumo mpya wa elimu ya umilisi (CBC), ambao wanafunzi wake wa kwanza wanatarajiwa vyuoni 2029, unarudisha mitatu. Kila idara, Egerton ikiwemo, italazimika kufungua mitaala yake na kuamua kipi kibaki na kipi kiondoke. Wakiwa wameshaketi mezani, ukurasa mmoja zaidi mwishoni mwa kila mtaala utatosha: stashahada gani, kutoka chuo gani, inaondoa yuniti zipi, na mtihani upi unaweza kufanywa bila kuhudhuria darasa. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu inaweza kukataa kuidhinisha mtaala usio na ukurasa huo, na kwa hilo haihitaji sheria mpya. Ya 2012 inaipa mamlaka ya kutosha.