Je, Wajua? Mstari uliobadilishwa jina kwa hofu
Mwaka 1944, Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma nchini Italia walijenga Mstari wa Gothic: ukanda wa mahandaki, mabomu ya kutegwa ardhini na vituo vya zege uliokatiza milima ya Apennini kutoka pwani hadi pwani. Shabaha ilikuwa kumchelewesha adui, yaani majeshi ya Washirika. Hitler alihofia kwamba jina lile zito lingewapa Washirika cha kujisifia wakiuvunja, hivyo mwezi Juni akaamuru uitwe Mstari wa Kijani. Rangi tu! Jina jipya halikuwazuia. Shambulio kubwa lilianza tarehe 25 Agosti na sehemu nyingi zikavunjwa. Lakini kisha Washirika walikwama, na kilichowakwamisha zaidi ni milima, mvua na matope. Mji wa Bologna, uliokuwa nyuma ya mstari huo, haukutekwa hadi Aprili 1945.