Nakshi za Shaba (3): Zimwi la Notre-Dame

Juma lililopita tulieleza jinsi bamba la shaba nyekundu linavyopakwa utando wa nta na lami, likachorwa kwa sindano, kisha likatiwa katika tindikali ili ipate kuila mistari iliyofunuliwa na kuliacha salama lililositirika. Leo, kwa kutimiza ahadi, natwaa chapa moja ndogo, urefu wake sentimita 17 hivi na upana wake 13, aliyoifanya Mfaransa Charles Meryon mwaka 1853 akaiita Le Stryge, maana yake zimwi linyonyalo damu.

Mtazamaji hukutana kwanza na sanamu ya jiwe yenye pembe na mabawa, imeegemea ukingo wa mnara wa kanisa la Notre-Dame, kidevu viganjani, ulimi nje, ikiutazama mji wa Paris kama aliyekinai tamasha lakini hana pa kwenda. Kwa mbali umesimama mnara wa Saint-Jacques, na kotekote ndege weusi wanazunguka. Wengi hukomea hapo, wakasema kuwa hofu ya picha hii yatokana na pembe. Mimi siafikiani nao, kwani pembe ni za kutishia watoto; hofu hii imetoka ndani ya tindikali yenyewe.

Fundi akiisha kulitoa bamba mara ya kwanza, huiziba kwa vanishi mistari atakayo ibaki hafifu, akalirudisha ili iliyosalia izidi kuliwa; na mstari uliokaa zaidi huwa mfereji wa kina, nao mfereji wa kina hubeba wino mwingi. Kivuli cha zimwi, ubavuni na chini ya bawa, kimeliwa hasa, hali mapaa ya mbali yamepigwa kwa mistari myembamba, na mbingu imeachwa nyepesi. Basi jicho huanguka kutoka uzito ulio karibu hadi mji mwembamba ulio chini, nao moyo hulifuata. Zaidi ya hayo, mistari ya Meryon ni safi, haikuvurugwa wala kufichwa kwa ukungu wa wino. Aotaye jinamizi huona kiza. Huyu amelionyesha zimwi mchana kweupe, na madirisha ya watu yakihesabika.

Alizaliwa mwaka 1821, babaye tabibu wa Kiingereza, mamaye mchezaji wa Opera ya Paris. Akawa baharia wa manowari za Ufaransa, akafika hata New Zealand. Macho yake hayakupambanua rangi sawasawa, ndipo akaiacha rangi ya mafuta na kushika nyeusi na nyeupe. Mwaka 1858 alitiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Charenton, na tangu hapo kuna wapendao kuusoma wazimu katika kila kazi yake. Lakini mkono uliochora vipande hivi vya mawe ulikuwa mtulivu kuliko mikono ya wengi tuwaitao wazima.

Kuna jambo ambalo watazamaji wengi hulisahau. Sanamu hii, idhaniwayo kuwa ya karne za kale, ilikuwa mpya kabisa, kwani iliwekwa katika matengenezo ya kanisa chini ya msanifu majengo Viollet-le-Duc, yaliyoanza mwaka 1845. Ukale ni wa ule mnara wa Saint-Jacques, uliosalia pekee baada ya kanisa lake kubomolewa mwaka 1797. Na mwaka uo huo wa 1853 ndipo Haussmann alipopewa uliwali wa jimbo la Seine, akaanza kuivunja mitaa ya zamani. Chini ya baadhi ya chapa Meryon alitia mishororo miwili kusema kwamba zimwi hili ni uchu usioshiba, unaoutamani mji kuwa chakula chake.

Msomaji atakayeipata picha hii kitabuni na azifunike pembe na uso kwa kidole gumba, abakize bega na bawa tu, kisha aniandikie kama hofu imepungua.