Pikipiki Isiyo na Cheni, na Kelele Zake

Dereva wa bodaboda hahitaji kuambiwa kwamba cheni yake imechoka. Inalegea, inaruka meno ya sproketi, inachapa kifuniko, na asipoijali inamkatikia abiria akiwa mgongoni. Mwenye pikipiki ya propela hapati onyo la namna hiyo. Shafti yake imo ndani ya mkono wa nyuma, na mwisho wa mkono huo ipo difu ndogo iliyoshikana na gurudumu. Hana cha kukaza wala cha kupaka oili jioni, na kwa raha hiyo analipa pesa nyingi. Tatizo ni kwamba chombo kilichofungwa hivyo kinaweza kuugua muda mrefu bila mtu kujua.

Kwetu pikipiki hizi si nyingi. Nyingi za kubwa unazoziona njiani zimebeba masanduku pembeni na namba za Ulaya, zimeingilia Moyale, zinashuka kuelekea Cape Town. Ndiyo safari waliyoifanya waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman mwaka 2007, wakapita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania juu ya BMW za R 1200 GS. Basi nizungumzie ukoo huo wa injini ya boxer, wenye silinda mbili zilizolala moja kushoto na moja kulia. (Usiuchanganye na Boxer ya kijiweni; ile ina silinda moja na cheni.) BMW hawakuwa wa kwanza kuacha cheni, kwa kuwa kampuni ya FN ya Ubelgiji ilikuwa na pikipiki ya silinda nne na shafti tangu 1905. Lakini BMW walianza na propela kwenye R 32 ya mwaka 1923 na hawakuuza pikipiki ya cheni hadi ilipotoka F 650 mwaka 1993.

Ili kuifuata kelele, ifuate kwanza nguvu. Inatoka kwenye injini, inapita klachi, inaingia giaboksi, inashika jointi na shafti, kisha pinioni inaigeuza krauni ndani ya difu na gurudumu linazunguka. Miundo ya tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, inayoitwa Paralever, ina jointi mbili, moja kila mwisho wa shafti. Kabla ya hapo, ukivuta resi pikipiki ilikuwa inainua makalio. Muundo huo mpya ulipunguza tabia hiyo, ila ukaongeza kitu kingine cha kuchakaa.

Sasa mteja anafika gereji. "Fundi, kuna kitu kinalia huku nyuma." Fundi mwenye haraka anachutama, anagonga difu kwa mpini wa spana, anatoa hukumu: "Bosi, difu hii imekwisha." Huenda kweli imekwisha. Lakini hajauliza swali ambalo lingemwokolea mteja fedha: kelele inafuata mzunguko wa injini au wa gurudumu?

Jibu linapatikana barabarani. Tafuta kipande kilichonyooka kisicho na watu wala magari, fika kama kilomita 60 kwa saa, sikiliza. Kisha vuta klachi, iache injini ingurume polepole huku pikipiki ikiserereka. Kelele ikishuka papo hapo pamoja na injini, achana na difu, kagua mbele. Ikiendelea, na ikawa inapungua kadiri mwendo unavyopungua, inatoka upande wa nyuma wa klachi. Rudia tena, safari hii ukiweka fri. Kama kwenye gia ilikuwepo na kwenye fri imetoweka, giaboksi ndiyo ya kushuku kwanza. Isipotoweka, bado una jointi, difu, beringi za gurudumu, na mshukiwa ambaye watu humsahau: tairi. Tairi lenye meno makubwa ya njia ya vumbi huvuma kwenye lami hadi ukaapa kwamba beringi imekufa. Lipitishe kwenye lami mpya laini, kisha kwenye lami iliyochakaa. Tairi litabadili sauti kwa kila uso wa barabara. Beringi haibadiliki hivyo.

Baada ya hapo cheza na resi. Mlio mwembamba unaopanda ukivuta na kubadilika au kunyamaza ukiachia, mara nyingi ni wa meno ya krauni na pinioni. Uvumi mzito wa "nguuu" usiojali sana unavuta au unaachia ni wa beringi. Na ule mlio wa "ko!" unapoingiza gia ya kwanza? Pikipiki hizi zimezaliwa nao. Kila jointi na kila jozi ya meno ina nafasi yake ndogo, na nafasi hizo zikijumlishwa unazisikia. La kuangalia ni kama "ko!" ya leo ni kubwa kuliko ya mwaka jana, au kama imeanza kutokea kila ukiachia na kuvuta resi katikati ya foleni.

Ikiwa hivyo, ipandishe kwenye dabo stendi, weka fri, uzungushe gurudumu kwa mkono taratibu. Mahali panapokaza, panalegea, kisha panakaza tena, patakupeleka kwenye jointi iliyoingia kutu. Katika BMW za zamani shafti ilizunguka ndani ya oili. Katika Paralever iko pakavu, na kinachoilinda na maji ni raba za mikunjo kwenye ncha za mkono. Raba ikipasuka, tope la masika linaingia na hakuna anayeliona. Pia wapo mafundi wanaoichomoa shafti ya vipande viwili na kuirudisha bila kupanga uma za jointi zielekeane. Jointi iliyopinda haizunguki kwa kasi sawa mzunguko mzima, na ya pili huwekwa ili ifute kosa la ya kwanza. Zikipishana, pikipiki inatetemeka, na vipuri vyote ni vizima.

Ikiwa bado kwenye stendi, shika gurudumu juu na chini ulitikise. Likicheza, weka kidole kwenye maungio ya gurudumu na nyumba ya difu. Gurudumu likisogea wakati nyumba ya difu imetulia, beringi kubwa ya krauni imechoka. Nyumba nzima ikisogea pamoja na gurudumu, tatizo liko kwenye beringi ndogo za egemeo, pale difu inapoungana na mkono. Bei ya kazi hizi mbili haifanani hata kidogo.

Kisha mwaga oili ya difu. Katika R 1200 GS haifiki robo lita, kwa hiyo hakuna sababu ya kuionea choyo. Nati ya kumwagia ina sumaku. Matope laini ya kijivu juu yake ni ya kawaida, lakini ukiyasaga kati ya vidole ukakuta vipande vya chuma, usiifunge ukasema tutaona. Oili yenye rangi ya maziwa imeingiwa na maji. R 1200 GS ya kwanza ya mwaka 2004 iliuzwa kwa ahadi kwamba oili ya difu ni ya maisha. Baadaye kiwanda chenyewe kikaanza kuagiza ibadilishwe. Mimi sijawahi kuelewa ni maisha ya nani waliyoyahesabu.

Splaini, yaani maungio ya meno yanayochomekana, ndizo zinazoua kimya kimya kuliko vyote. Meno yake hayalii. Yanasagana kidogo kidogo yakiwa makavu, yanaacha unga mwekundu kama kutu, hadi siku injini inanguruma na gurudumu halina habari. Kwenye Honda ST1100 na Gold Wing, kila gurudumu la nyuma linapotolewa kubadilishwa tairi, splaini husafishwa na kupakwa grisi ya molibdenamu. Kazi ya dakika chache, na ndiyo inayorukwa.

Tuseme imethibitika kwamba beringi kubwa ndiyo mbovu. Katika R 1100 na R 1150 kuipachika mpya si mwisho wa kazi. Kuna shimu, pete nyembamba zinazoamua beringi ikazwe kiasi gani, na kipimo chake ni vipande vya milimita. Anayerudisha shimu ya zamani bila kupima anabahatisha, na beringi ya pili inaweza isifike mbali. Muulize fundi kabla hujamwachia ufunguo: utapima kwa kifaa gani? Akikuambia anatumia uzoefu, ondoka.

Na hayo yakikukuta porini, pitisha kidole ndani ya rimu ya nyuma. Ukikuta oili, huenda beringi ilishaharibika na kuiua oili sili, na sasa oili inaelekea kwenye tairi na breki. Kuongeza oili hakutasaidia hapo, wala kwenda polepole. Simama, tafuta kenta ya kuibeba.