Mwanafunzi Mmoja, Shule Mbili: Kwa Nini Tunaomba Mratibu Kabla ya Jengo

Wapendwa wanakamati wa sharika na washirika wetu,

Wageni wetu kutoka Minnesota, Marekani, walipotutembelea, wengi wenu mlishangaa kusikia kwamba kijana wa huko anaweza kumaliza sekondari akiwa tayari na masomo ya mwaka mzima wa chuo. Tuliahidi kuwaeleza jinsi inavyowezekana.

Mpango huo uliwekwa kwa sheria ya jimbo hilo mwaka 1985, wakati wa Gavana Rudy Perpich. Mwanafunzi wa darasa la 11 au la 12 akikubaliwa na chuo, husoma masomo ya chuo huku akibaki mwanafunzi wa sekondari. Vyuo vinavyopokea vijana hao ni pamoja na vyuo vya jamii, yaani vyuo vya umma vya miaka 2. Mzazi halipi ada wala vitabu. Serikali ya jimbo hukilipa chuo, na shule hupungukiwa sehemu ya ruzuku yake, jambo ambalo si kila mkuu wa shule hulifurahia. Somo huhesabiwa pande zote mbili: krediti 4 za muhula wa chuo ni sawa na angalau mwaka mzima wa somo hilo sekondari. Wengine hawaendi chuoni kabisa. Mwalimu wao wa sekondari, akishathibitishwa na chuo, huwafundisha somo la chuo darasani mwao.

Kwa maelezo hayo mpango unaonekana rahisi. Ugumu uko kwenye uratibu. Shule nyingi za huko hufunguliwa mwanzoni mwa Septemba, wakati vyuo vimeanza tangu mwishoni mwa Agosti. Ni lazima mtu awaambie wazazi mapema, atafute usafiri, na ahakikishe kwamba somo alilochagua kijana linakubalika katika masharti ya kuhitimu sekondari. Kubwa zaidi ni alama. Kijana wa miaka 16 akifeli somo la chuo, alama hiyo hubaki katika kumbukumbu zake za chuo, na inaweza kumletea shida atakapoomba msaada wa masomo miaka ya baadaye. Tena, kama somo hilo lilihitajika ili ahitimu, hata cheti cha sekondari kinaweza kuchelewa. Kwa hiyo mratibu mzuri hufuatilia mahudhurio tangu wiki za kwanza, hasubiri matokeo.

Nasi tulipata somo hili kwa uchungu. Tuliwahi kupeleka wanafunzi wa kidato cha tatu katika kituo cha ufundi cha jirani, mchana mara mbili kwa wiki. Fedha za vifaa zilikuwepo na walimu walikuwepo. Lakini mitihani ya shule iliangukia juma lile lile la mafunzo kwa vitendo, na hakuna aliyekuwa amepewa jukumu la kulinganisha ratiba. Vijana walichagua mtihani, kituo kikawaandika watoro, na kabla ya muhula kwisha wote walikuwa wameacha. Cherehani zilibaki stoo.

Sasa Sera ya Elimu ya 2014, Toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika sekondari, na sharika kadhaa zimetuandikia zikiomba karakana. Hatuzikatalii. Tunachowaomba washirika wetu ni kwamba mchango wa kwanza uwe posho na nauli za mratibu mmoja kwa miaka 2, ingawa tunajua mratibu hapigwi picha ya uzinduzi kama jengo.

Kamati itakayoleta ombi iambatishe barua ya makubaliano iliyosainiwa na mkuu wa shule na mkuu wa kituo. Ionyeshe kalenda za pande zote mbili, nani anampokea kijana akifika kituoni, nani anatunza alama zake, na nani atakwenda nyumbani kwao asipofika siku 2 mfululizo. Maombi yapokelewe kwanza na ofisi ya jimbo, kisha yaletwe kwetu.