Bi harusi anaposemewa na mama mkwe

Wapo wagonjwa ambao huwezi kuisikia sauti yao mpaka mlango ufungwe. Mmoja alikuwa bi harusi wa Kihindu, aliyetoka Gujarat, India, kuja kuolewa hapa Dar es Salaam. Ndoa ilikuwa na wiki mbili, hina bado haijafutika mikononi. Kila nilipouliza swali, mama mkwe alijibu: "Ni tumbo tu, daktari. Hajazoea chakula chetu."

Nikamwomba mama atusubiri nje kidogo. Hapo binti akaniambia mkojo unamchoma, anakwenda haja kila mara, na usiku uliopita alitetemeka kwa homa. Alikuwa amenyamaza wiki nzima. Ili aende chooni ilimbidi apite sebuleni mbele ya baba mkwe, kichwa amekifunika kwa heshima. Akaona afadhali asinywe maji. Na mumewe je? "Bado hata jina lake siliti," akasema. Katika familia nyingi za Kihindu zinazoshika mila, mke hamtaji mume kwa jina.

Ile ilikuwa UTI. Huwapata wanawake wengi mwanzoni mwa ndoa, kwa kuwa tendo la ndoa husogeza bakteria kuelekea kwenye kibofu. Si ishara ya uchafu wala ya usaliti, ingawa maneno hayo nimeyasikia sana. Ukiwahi, hutibika kwa urahisi. Ukibana mkojo na kujinyima maji, unayapa maambukizi nafasi ya kupanda hadi kwenye figo. Homa, kutetemeka au maumivu ya ubavuni: njoo siku hiyo hiyo, usimeze dawa zilizobaki kabatini.

Sisemi kuishi na wakwe ni kosa. Nimeona bi harusi wakiuguzwa na mama mkwe kuliko mtoto wa kuzaa. Ninachotaka ni wawili hawa wawe na mlango wao. Bwana harusi, katika ndoa ya Kihindu mlitembea hatua saba kwa ushahidi wa moto, na ya saba ni ya urafiki. Sheria ya ndoa ya Wahindu ya India, ya mwaka 1955, inasema palipo na desturi hiyo, ndoa hukamilika kwa hatua hiyo ya saba. Basi muulize rafiki yako kila usiku nini kimemsumbua. Akiumwa, wewe ndiye wa kusema: "Mama, kesho tunakwenda hospitali." Wakianza kuuliza mtoto lini, jibu mlilokubaliana chumbani litoke kwako, asiachiwe mgeni wa nyumba.

Na mfungo pia. Wanaofunga Karva Chauth hawanywi hata maji tangu alfajiri mpaka mwezi uonekane. Mwenye UTI anahitaji maji, aseme mapema.

Yule binti aliniruhusu nimweleze mama mkwe. Mama alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mimi niliumwa hivyo hivyo mwaka wa kwanza. Sikumwambia mtu."

Aliporudi kupimwa mkojo alikuja na mumewe, chupa ya maji mkononi. Swali la kwanza nililielekeza kwa binti. Mume akafungua kinywa ajibu, kisha akakifunga.