Ukifunga Safari, Sungura Wako Anabaki na Nani?

Katika toleo hili tunaacha kidogo habari za malaria na usafi wa vyoo, tuzungumze juu ya wanyama tunaowafuga nyumbani, hasa sungura. Labda utajiuliza, sungura anaingiaje kwenye karatasi ya afya? Soma taratibu. Utaona jinsi sungura aliyefunguliwa mlango leo anavyoweza kumfikisha mtoto wa jirani kwenye kituo cha afya wiki ijayo.

Hapa makazini, kama ilivyokuwa kule Kivu, sungura ni mnyama wa mtu asiye na shamba kubwa. Hapigi kelele, hahitaji malisho mapana, anaenea kwenye kibanda nyuma ya nyumba. Wengi wanamfuga kwa ajili ya nyama na pesa kidogo ya sabuni au daftari. Lakini zipo nyumba nyingi ambako sungura ni wa watoto. Wamempa jina, wanambeba wakitoka shuleni, na hakuna anayezungumza habari ya sufuria mbele yao.

Shida inakuja siku mambo yanapobadilika. Familia imeitwa kwenda ng'ambo, au imeamua kurudi nyumbani, au imehamia zoni nyingine. Au chakula kimepungua, maana wote tunajua jinsi msaada ulivyokatwa sana hapa Uganda mwaka 2025. Basi mtu anafungua kibanda jioni, anamwacha sungura aende zake. Anaona amemhurumia. Sisi wahudumu wa afya wa kijiji, yaani VHT, tunaopita nyumba kwa nyumba, tunaona yanayofuata.

SUNGURA WA HADITHI NA SUNGURA WA KIBANDA

Nadhani kosa linaanzia kwenye hadithi. Sote tumekua tukisimuliwa habari za Sungura mjanja anayewashinda fisi na simba. Kwa hiyo tunaamini kwamba ukimwachia sungura atajua la kufanya. Lakini yule wa hadithi ni sungura wa porini, mnyama wa Afrika, mwenye miguu mirefu na rangi ya majani makavu. Mtoto wake huzaliwa na manyoya, macho yako wazi, na baada ya muda mfupi anaweza kusogea mwenyewe.

Sungura wa kibanda ni mnyama mwingine kabisa. Asili yake ni Ulaya, na watu wamemfuga kwa mamia ya miaka. Mtoto wake huzaliwa uchi na kipofu, macho yanafunguka baada ya siku 10 hivi. Wanyama hawa wawili hawazaliani hata wakikutana. Ukisema unamrudisha kwa ndugu zake porini, elewa kwamba hapa hana ndugu. Hajui adui, hajui wapi pa kujificha, na kama ni mweupe, mwewe anamwona kutoka mbali sana. Wengi hawamalizi siku nyingi.

Kuna atakayesema kwamba kule Australia sungura walifunguliwa wakajaa nchi nzima. Ni kweli. Mwaka 1859 bwana mmoja, Thomas Austin, aliletewa sungura 24 kutoka Uingereza ili awawinde, na uzao wao ukawa balaa kwa wakulima. Lakini kati ya wale walikuwamo wenye damu ya porini, na walikuta nchi yenye hali ya kuwafaa. Matokeo yake yapo mpaka leo: katika jimbo la Queensland ni kosa la kisheria kumfuga sungura nyumbani. Nawaambia hili wale wenye ndugu huko, wasije wakamnunulia mtoto sungura kwa kukumbuka kambi.

Hapa kwetu, katika siku chache anazoishi nje, sungura huyo anafanya mambo mawili. La kwanza, anaingia kwenye maharage na matembele ya jirani, na ugomvi unafika kwa mwenyekiti. La pili ni baya zaidi: anawavuta mbwa. Mbwa wasio na mwenyewe wanazoea kuzunguka nyuma ya nyumba zetu usiku kutafuta windo. Watoto nao wanamwona sungura, wanamkimbilia wamshike. Mbwa na mtoto wanakutana kwenye kitu kimoja. Hapo ndipo mtoto anapoumwa.

KABLA YA KUMCHUKUA, HESABU

Anayekuuzia sungura wawili sokoni atakuambia wote ni majike. Usikubali mpaka mtu anayejua amewageuza na kuwaangalia, kwa sababu wakiwa wadogo ni rahisi kukosea. Kama mmoja ni dume, hesabu yako ni hii: mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Anaweza kuzaa watoto 6 au zaidi kwa mara moja, na akapata mimba nyingine siku ile ile aliyozaa. Akizaa mara 5 kwa mwaka, watoto 6 kila mara, una 30 kutoka kwa mama mmoja, na binti zake wanaanza kuzaa wakiwa na miezi 5 hivi. Hapo ndipo kibanda kinapojaa na mwenye nyumba anachoka. Tenga dume na majike tangu wakiwa na miezi 3. Ni kazi ya kugawa kibanda kwa mbao tu.

Hesabu na miaka pia. Sungura anayetunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 8, wengine zaidi. Mtoto wako wa darasa la pili atakuwa kijana, na sungura bado yupo.

Chakula chake kikubwa ni majani. Kishona nguo, majani ya viazi vitamu na nyasi vinamfaa. Yaanike kivulini yanyauke kidogo kabla ya kumpa, kwani majani mabichi yenye umande yakizidi humjaza tumbo gesi, na sungura hawezi kutapika. Usimpe majani ya nyanya, ya viazi ulaya wala ya parachichi, hayo ni sumu kwake. Mpe na vijiti vya kutafuna, kwa sababu meno yake hayaachi kukua maisha yake yote. Yasipochakaa anashindwa kula, anakufa kwa njaa huku chakula kiko mbele yake. Maji safi kila siku. Wapo wanaosema sungura hanywi maji, anatosheka na majani. Si kweli, na jua la kiangazi linawaumbua.

Jambo moja linawatia watu hofu bure: utamwona anakula kinyesi chake laini akikichukua moja kwa moja nyuma. Si ugonjwa wala uchawi. Ndivyo anavyopata virutubisho ambavyo tumbo halikuvichukua mara ya kwanza. Mwache.

Kibanda kiinuliwe kutoka chini, sakafu iwe na nafasi ya kupitisha kinyesi na mkojo, na kiwe kivulini. Usimweke chini ya turubai linalopigwa na jua, joto likipita nyuzi 30 anateseka sana. Usimlaze ndani ya nyumba mnamolala. Mkojo wake una harufu kali inayoumiza vifua, hasa vya watoto wachanga na wenye pumu. Kinyesi kikusanywe, ni mbolea nzuri ya bustani. Na tafadhali, usimbebe kwa masikio. Shika ngozi ya mgongoni karibu na shingo, mkono mwingine ubebe matako.

Kwa afya ya watu, kumbuka kunawa mikono kwa sabuni kila ukimaliza kumshika au kusafisha kibanda. Choa inahama kutoka kwa sungura hadi kwa mtoto. Ukungu na upele vikionekana kwenye masikio au pua ya sungura, mtenge, mshike kwa mfuko wa plastiki mkononi, na umwone daktari wa mifugo wa kata. Usimpake oili chafu ya pikipiki.

Na huyu mnyama ni wa nani? Mtoto anaweza kukata majani, lakini mtoto wa miaka 8 hawezi kubeba peke yake jukumu la uhai. Kama mtu mzima wa nyumba hayuko tayari kumwangalia sungura siku mtoto akiwa na malaria, basi nyumba hiyo haijawa tayari kumfuga.

SIKU YA KUONDOKA

Wanaosubiri safari wanajua kwamba unaweza kungoja miaka, halafu taarifa ya mwisho ikaja haraka. Siku hizo unatafuta mabegi, unaaga, unalia. Hakuna anayekumbuka kibanda. Ndiyo maana tunaomba jambo hili lipangwe mapema, hata leo, wakati bado hujaitwa: nani atamchukua?

Jirani akisema atamchukua, nenda uone kibanda kipo. Mwambie anakula nini, ni dume au jike, na kama ana mimba. Usimpe mtu kwa kumtegeshea mlangoni usiku. Uliza pia imani yake. Ndugu zetu Wasabato hawali sungura, na wengine hawapendi hata kumfuga. Wako wanaotaka mbegu kwa ajili ya biashara, hao wanakuwa wa kwanza kutafutwa.

Kuna njia nyingine, nayo ni kumchinja. Najua baadhi ya watoto watakaosikia hili likisomwa hawatanipenda. Lakini kwa maoni yangu, sungura aliyechinjwa vizuri, kwa kisu kikali, akaliwa na familia au jirani mwenye njaa, ametendewa haki kuliko yule aliyeachwa araruliwe na mbwa usiku. Ila usimdanganye mtoto kwamba sungura amekwenda porini kucheza na wenzake. Atakwenda kumtafuta, na atafundisha wadogo zake kwamba ndivyo inavyofanywa.

MBWA ALIYEBAKI

Yote niliyosema juu ya sungura yanazidi uzito kwa mbwa na paka. Nyumba ikivunjwa, mbwa anabaki amelala pale pale siku nyingi akingoja. Baadaye njaa inamtoa, anaungana na wengine. Hakuna wa kumpeleka kwenye chanjo, na kichaa cha mbwa kipo nchini.

Ugonjwa huu karibu wote unaowafikia watu unatoka kwa mbwa. Sungura ni nadra sana kuwa nao, kwa hiyo sungura akikuuma, osha kwa sabuni na uulize kituoni kuhusu chanjo ya pepopunda. Kwa mbwa au paka, usibahatishe. Dalili kwa mtu mara nyingi hutokea baada ya mwezi 1 hadi 3, na zikishaanza karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya dalili, chanjo inaokoa. Muda huo wa katikati ndio maisha ya mtoto wako.

Ukiumwa au kuparuzwa, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15. Tumia jagi au kibuyu, dakika 15 ni nyingi kuliko unavyofikiri, basi mwingine amwage wewe ukisugua. Kisha nenda kituo cha afya siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, hata kama ni usiku. Chanjo inatolewa zaidi ya mara moja, usiache katikati kwa sababu kidonda kimepona. Kama haipo kituoni, omba barua ya rufaa hapo hapo.

Jiwe jeusi ambalo wengi tulilizoea Kongo halitoi kichaa cha mbwa. Wala pilipili, wala mafuta, wala majivu. Tunawaheshimu wazee waliotufundisha, ila kwa ugonjwa huu kila saa unayolifunga jiwe kwenye jeraha ni saa umeikosa sabuni.

Mbwa mwenye kichaa si lazima awe mkali. Wengine wananyamaza, wanajificha, taya linalegea, mate yanatoka, mtoto anadhani kuna mfupa umekwama kooni na anatia mkono. Mwambie mtoto asitie mkono. Kama mbwa aliyeuma anajulikana na anaweza kufungiwa bila hatari, afungwe aangaliwe siku 10, na daktari wa mifugo apewe habari. Lakini mtu aliyeumwa hangoji hizo siku 10, anaanza matibabu.

Mwenye mbwa, mpeleke kwenye chanjo akifikisha miezi 3 na kila zoezi linapotangazwa, tunza kadi yake. Ukiondoka, mkabidhi mtu mbwa pamoja na kadi.

UKIMKUTA SUNGURA ASIYE NA MWENYEWE

Usiwatume watoto kumfukuza. Mfunike kwa kitambaa au kikapu jioni anapotulia. Ulizia kwanza kwa majirani, huenda ametoroka tu. Ukiamua kumfuga, mweke mbali na sungura wako wengine kwa wiki 2, uangalie masikio, pua na kinyesi, na umhudumie wa mwisho baada ya wale wazima. Kama huwezi kumfuga, mwambie VHT wa kijiji chako. Katika vijiji vingi tunawajua wenye vibanda, na wengine wana nafasi ya mmoja.